Wafisadi Waliojiita Watengenezaji

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumeulizwa suala na baadhi ya wazazi, na suala lenyewe si dogo. Watoto wao, wa kiume na wa kike, wanaosomea Kiingereza katika vyuo vikuu, hurejea majumbani na riwaya za Kizungu ambazo ndani yake mna habari za nchi zilizotawaliwa, na mna matusi juu ya watu weusi, na mna ulevi na uzinifu na mauaji. Je, yafaa vitabu kama hivyo kuwekwa katika nyumba ya Muislamu? Mzazi mmoja ametwambia kwamba lau si karo aliyolipa, angalivitia moto. Mwengine, wa mtaa huo huo, amesema kijana aachwe asome alipendalo, kwani hizo ni hadithi tu.

Rai zote mbili twaziona zina kasoro, na kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Yule atakaye kuchoma angalau ametambua kwamba kitabu kina nguvu. Huyu asemaye kuwa ni hadithi tu amesahau kwamba hadithi hufika mahali ambapo jeshi halijafika. Riwaya ya H. Rider Haggard iitwayo King Solomon's Mines ilitoka Uingereza mwaka 1885, mwaka ule ule ambao madola ya Ulaya yalimaliza mkutano wao wa Berlin juu ya Afrika. Ilipendwa mno kwao. Kisha ikafasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikasomwa na wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, hata mtoto wa Kiafrika akajifunza kuitazama bara yake mwenyewe kwa jicho la mwindaji wa Kizungu aliyekuja kutafuta almasi. Vipi basi tutasema ni hadithi tu?

Basi tumeona lililo bora ni kukichukua kitabu kimoja kati ya hivyo vinavyolalamikiwa, tukifungue mbele ya wasomaji wetu, tuonyeshe kilicho ndani yake, chema na kibaya. Kitabu tulichokichagua ni Heart of Darkness cha Joseph Conrad, maana yake Moyo wa Kiza. Kilitoka kwanza mwaka 1899 katika jarida la Blackwood's, kisha kikatiwa katika kitabu mwaka 1902. Ni kifupi, wala hapana riwaya iliyosomeshwa na kugombaniwa zaidi yake katika habari hii ya ukoloni.

Kabla ya kukifungua, twataka msomaji aikumbuke aya moja ya mwanzo mwanzo wa Suratul Baqara. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametupa habari ya watu ambao wakiambiwa wasifanye ufisadi katika ardhi hujibu kwamba wao si chochote ila ni watengenezaji. Naye Subhanahu akawajibu kwamba hao hasa ndio mafisadi, lakini hawatambui. Aya hii wafasiri wameielekeza kwa wanafiki wa Madina. Lakini wanavyuoni wetu wanayo kanuni mashuhuri, ya kwamba mazingatio ni kwa ujumla wa lafudhi wala si kwa sababu ya kuteremka peke yake. Na ndani ya aya mna mambo mawili. La kwanza, kwamba mfisadi mkubwa haji na jina la ufisadi, bali huja na jina la islahi. La pili, nalo latisha zaidi, ni kwamba mwenyewe huenda hajui. Tuyachukue mambo mawili haya tuingie nayo katika kitabu.

Mtunzi huyu hakuwa Muingereza kwa asili. Alikuwa Mpolandi, jina lake Józef Teodor Konrad Korzeniowski, aliyezaliwa mwaka 1857 katika mji wa Berdychiv, ambao leo umo Ukraine na wakati ule ulikuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Poland ilikuwa imekatwa mapande na madola matatu, na baba yake mtunzi alikuwa miongoni mwa waliokataa. Akatiwa gerezani, kisha akahamishwa pamoja na mkewe na mtoto mpaka nchi ya baridi kali. Mama alifariki mwaka 1865, na baba akafuata mwaka 1869. Huyu basi ni yatima wa ukoloni kabla ya kuwa mwandishi wa ukoloni, na msomaji asiyelijua hili hatamfahamu. Alikwenda baharini angali kijana, Kiingereza akajifunza ukubwani, na mwaka 1890 akaajiriwa na kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya juu, akapanda stima katika mto mpaka Stanley Falls, mji ambao leo waitwa Kisangani. Alirejea Ulaya mgonjwa, na afya yake haikupata kuwa kama zamani.

Na Kongo ile ilikuwa ya nani? Haikuwa ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakupata kuikanyaga hata siku moja. Mwaka 1876 aliwaita Brussels wasafiri na wataalamu wa jiografia, akaunda chama, na maneno yaliyosemwa hapo yalikuwa mazuri yote: kuifungua Afrika, kuleta nuru, kuiondosha biashara ya watumwa. Kwa maneno hayo madola yalimkubalia, na tangu 1885 akawa mwenye nchi kubwa mara nyingi kuliko ufalme wake wa kwao. Baadaye, mipira ya magurudumu ilipohitajiwa duniani, watu wa Kongo walilazimishwa kwenda msituni kugema utomvu. Kijiji kisicholeta kiasi kilichotakiwa kilipelekewa askari, na askari alidaiwa kuleta mkono wa maiti kwa kila risasi aliyoitumia. Na risasi ikipotea kwa kuwinda mnyama, mkono ulikatwa kwa mtu aliye hai. Haya yaliandikwa na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa nchi ile kwa dola ya Ubelgiji. Conrad alikuwa amekutana na Casement huko Matadi mwaka 1890. Katika safari yake yeye aliona mambo ya pembe za ndovu na wapagazi, kwani mateso ya mpira yalizidi baada yake. Lakini mwenye macho huujua moto kwa moshi.

Sasa tufungue kitabu. Msafiri wa riwaya, aitwaye Marlow, afika katika kituo cha kwanza cha Kampuni. Aona watu weusi wamefungwa vyuma shingoni na mnyororo mmoja wawaunganisha, nao wachukua vikapu vya mchanga vichwani. Aona chini ya miti vibarua waliokwisha nguvu wamejilaza kungojea mauti. Na si mbali na hapo akutana na karani mkuu wa hisabu, amevaa nguo nyeupe pe, kola imepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa mafuta, na madaftari yake yamepangwa hayana kosa. Mgonjwa mmoja alilazwa chumbani mwake, na karani akashtaki kwamba kugumia kwake kwamshughulisha, asije akakosea katika hisabu.

Hapa yataka tusimame. Wengi wetu tukitaja kuharibika kwa tabia, fikira zetu huenda kwa mlevi na mzinifu na mcheza kamari. Conrad atuonyesha mtu safi, mwenye bidii, asiyeiba hata senti, ambaye ameharibika zaidi ya mlevi, kwa kuwa kilio cha mwanadamu kwake kimekuwa kero ya kuharibu jumla ya nambari. Fisadi huyu hakuna atakayempeleka mahakamani. Daftari lake likikaguliwa litaonekana sawa. Lakini sisi tumefundishwa kwamba liko daftari la pili, nalo halikosi dogo wala kubwa, na waliokufa chini ya miti ile wameandikwa humo.

Kutoka hapo Marlow aenda kituo cha kati, ambako mawakala wa Kizungu wazurura mchana kutwa na fimbo mikononi. Mtunzi awaita mahujaji, kwa kejeli, kwani wako kama watu waendao kuzuru mahali patakatifu, na kinachotajwa na kunong'onwa na kutukuzwa hapo ni pembe. Asiyekuwa Muislamu huenda akacheka akapita. Sisi tuliolelewa juu ya Tawhidi hatuwezi kupita, kwani tunajua kwamba kuabudu si kusujudu peke yake. Na tukumbuke pembe zile zilikuwa za nini. Zilizofika Zanzibar nyingi zilipelekwa Marekani, katika jimbo la Connecticut, zikakatwa kuwa vibao vya vinanda. Kwingine zilifanywa mipira ya mchezo wa biliadi. Kwa ajili hiyo watu walikufa.

Kisha aja Kurtz, naye ndiye shina la kitabu. Mtu huyu akaa kituo cha mbali kabisa, naye apeleka pembe nyingi kuliko mawakala wote wakijumlishwa. Si mtu duni. Ni mchoraji, ni mpiga muziki, ni msemaji ambaye sauti yake huteka nyoyo. Na damu yake imechanganyika Uingereza na Ufaransa, kwani mtunzi ataka tufahamu kwamba hakutengenezwa na taifa moja bali na Ulaya yote. Alikwenda huko na nia ya kutengeneza. Alisema kila kituo kiwe ni taa njiani, si duka tu bali mahali pa kufundisha na kurekebisha. Alitakiwa na chama kimoja cha kukomesha mila za kishenzi aandike ripoti, akaandika kurasa 17 za lugha fasaha, zilizojaa huruma kwa watu weusi. Na chini ya ukurasa wa mwisho, baada ya muda, kwa mkono unaotetemeka, aliongeza sentensi moja fupi ya kutaka watu hao hao waangamizwe wote.

Marlow alipomfikia alimkuta ni mgonjwa anayekufa, nyumba yake imezungukwa na vichwa vya watu vilivyotundikwa juu ya miti, na wenyeji wamefanywa wamsujudie. Mtengenezaji amekuwa mungu wa uongo.

Imekuwaje? Mtunzi atoa jibu ambalo twaliona ni la thamani. Asema, kwa maana yake, kwamba mtu wa mjini huzuiliwa na askari aliye pembeni mwa njia na ulimi wa jirani. Vikiondoka hivyo, akawa peke yake, ana bunduki na hapana wa kumuuliza, hapo ndipo hujulikana ndani mwake mna nini. Nasi twasoma katika Suratul Alaq kwamba mwanadamu hupindukia mipaka pale anapojiona amejitosheleza. Conrad hakuwa akifasiri Qur'ani, wala hatusemi alikuwa na habari nayo. Lakini alikwenda Kongo akaiona maana ya aya kwa macho yake. Ukoloni wa namna ile ulikuwa ni mtambo wa kuwafanya watu wajione wamejitosheleza: mfalme asiyeulizwa na bunge, kampuni isiyoulizwa na nchi, wakala asiyeulizwa na mtu. Lau wangalipelekwa huko watu wema kumi, ni wangapi wangalirudi wema?

Lakini katika dawa, mtunzi amepungukiwa. Amuokoa Marlow kwa kazi. Amshughulisha na stima iliyovunjika na misumari ya kuigangia, kana kwamba mwenye kazi ya mikono hapati nafasi ya kuharibika. Kazi ni njema, na Mitume walifanya kazi. Hata hivyo yule karani wa nguo nyeupe naye alikuwa mchapakazi, na kazi haikumfaa kitu. Kinachomzuia mtu pale askari na jirani wanapokosekana ni kujua kwamba anaonekana, na hiyo ndiyo ihsani ambayo Jibrili (A.S.) alikuja kuwafundisha Masahaba kwa kumuuliza Mtume (S.A.W.). Katika kitabu chote cha Conrad hapana mtu aliyejua kwamba anaonekana. Kurtz alipokufa alitamka neno la kutisha mara mbili, kama aliyefunuliwa pazia, lakini saa ile ilikuwa si saa ya kutenda.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, na sisi twaliona kubwa. Marlow amerudi Ulaya, ana ile ripoti mkononi. Aja mtu wa Kampuni kuitaka. Marlow ampa, lakini kwanza aichana ile sentensi ya mwisho. Yule mtu aikataa, kwani haina faida ya biashara. Na mwandishi wa magazeti aja aichukua akaitangaze. Kisha Marlow aenda kwa mchumba wa marehemu, amdanganya kwamba neno la mwisho la Kurtz lilikuwa jina lake. Basi gazeti lapata ripoti nzuri isiyo na mwisho wake, na mwanamke apata uongo wa kumliwaza. Anayeyafanya haya si mtu mbaya katika kitabu. Ni yule aliye mwema kupita wote, naye afanya kwa heshima. Ndivyo ilivyofika Ulaya habari ya ukoloni kwa miaka mingi: kurasa 17 zilifika, ule mstari mmoja ukachanwa. Na baadhi ya vitabu tulivyosomeshwa sisi wenyewe vilikuwa vimechanwa pahali pale pale.

Sasa tuuseme ubaya wa kitabu, kwani haifai kuuficha. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi mashuhuri wa Nigeria, alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, akamshutumu Conrad kuwa ni mbaguzi. Hoja yake ni kwamba Afrika katika riwaya ile imefanywa kuwa pazia la nyuma tu la kuonyeshea kuharibika kwa roho ya Mzungu mmoja, na Waafrika wamenyang'anywa ulimi. Na ndivyo. Katika kitabu kizima watu weusi wasema maneno ya kufahamika mara mbili tu, na mara moja katika hizo ni kuomba nyama ya mtu. Waliobaki ni makelele na miguu na macho gizani. Mtu wa Kongo hana jina, hana mama, hana sala, hana shauri. Hata Kongo yenyewe haikutajwa jina. Hii nayo ni dhulma, na kijana wetu lazima aambiwe hivyo kabla hajaufungua ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Maida tusikubali chuki yetu kwa watu itutoe katika uadilifu. Conrad ameshuhudia juu ya kuharibika kwa watu wake mwenyewe, na ushahidi wa mtu juu ya jamaa zake si jambo jepesi. Ushahidi huo twaupokea. Juu yetu sisi hakuwa shahidi, kwa kuwa hakuifahamu lugha ya watu aliowaandika wala hakuwauliza. Na asiyejua hashuhudii.

Na hapa, ndugu zetu wa pwani, twafika mahali pazito. Mto ule alioupanda Conrad haukuwa mgeni kwa babu zetu. Stanley Falls ilikuwa na wali, naye alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mtu wa Zanzibar aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Aliupokea uwali huo mwaka 1887 kwa mapatano yaliyofanywa Zanzibar baina yake na Stanley, kwa niaba ya Leopold huyo huyo. Stima ya Conrad ilipofika mwaka 1890 Tippu Tip alikuwa amekwisha ondoka kurudi pwani, lakini watu wake walikuwapo, na Kiswahili kilikuwako, na mpaka leo kingaliko. Wako miongoni mwetu wanaojifakhiri na habari hiyo. Sisi twasema kisomwe kitabu cha maisha yake, alichokisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na kisomwe kandokando ya Conrad. Humo asimulia vita vyake na Nsama na pembe alizozichukua. Asimulia pia, bila ya kuona haya, vipi alivyopata utawala wa Utetera: alimwambia mtawala mzee wa huko kwamba yeye ni wa ukoo wao kwa upande wa bibi aliyetekwa zamani, na mzee yule akamsadiki akampa nchi. Uongo huo uliuza watu na mali zao. Tukimlaani Kurtz tukamtukuza huyu, mizani yetu imepinda.

Tena tuyatazame maneno yetu. Wazungu walikuwa na neno lao la islahi, na sisi tulikuwa na letu: ustaarabu. Walikuwa na jina la kuwaitia wale waliotaka kuwatawala, na sisi tulikuwa nalo: washenzi. Mtu wa Manyema au wa Utetera alipotiwa kamba shingoni akabebeshwa jino la ndovu mpaka pwani, liliyetuliza dhamiri ya mwenye msafara ni neno hilo. Fiq'hi yetu haikumhalalishia mtu kuvamia kijiji kilicho katika amani, akaua wanaume, akateka wanawake na watoto kwa ajili ya kuchukuliwa mizigo; na waliofanya hivyo walikuwa na makadhi mijini mwao, na vitabu walikuwa navyo. Hawa hawakuwa na udhuru wa Kurtz, kwamba askari na jirani hawakuwako. Qur'ani ilikuwa katika mizigo yao. Twajua wako watakaochukia kuandikwa haya katika gazeti la Waislamu, na watasema twawapa maadui silaha. Silaha hiyo wanayo tangu zamani, tena wameitumia sana. Tusilonalo sisi ni toba, na mtu hatubii kwa jambo analolikana.

Kitabu cha pili twakipitia kwa ufupi, kwani chahusu nchi nyingine. George Orwell alizaliwa India mwaka 1903, akawa afisa wa polisi wa Kiingereza katika Burma kutoka 1922 mpaka 1927, na mwaka 1934 ikatoka riwaya yake Burmese Days. Wazungu wa mji ule wakaa katika klabu yao wakinywa pombe tangu asubuhi, wakiwachukia wenyeji na kuchukiana wao kwa wao, na mwema wao mmoja, Flory, hana ujasiri wa kumtetea rafiki yake daktari wa Kihindi, na mwisho wake ajiua. Lakini tuliyetaka msomaji amjue ni mwenyeji, hakimu wa Kiburma aitwaye U Po Kyin. Huyu katika kesi hula rushwa kwa pande zote mbili, kisha ahukumu kwa mujibu wa sheria, akapata sifa ya kuwa ni muadilifu. Huwazulia wenzake, huvunja nyumba za watu, na azma yake kubwa ni kuingizwa katika klabu ya Wazungu. Wala haogopi Akhera, kwa kuwa amekwisha piga hisabu: akistaafu atajenga mahekalu ya dini yake, na thawabu za mahekalu zitafuta yote. Alipata aliyoyataka katika dunia. Akafa ghafula kabla hajajenga hata hekalu la kwanza.

Tuliposoma kisa hiki katika darsa, mzee mmoja alisema, "Huyu namjua." Wote tukacheka, kisha tukanyamaza. Burma iko mbali, na dini ya watu wale si dini yetu, lakini anayekula mali ya yatima huku amekusudia kuchimba kisima, na anayeila kodi ya wakfu huku ameahidi kupaka rangi msikiti, si wageni kwetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema wala hakubali ila kilicho chema. Na faida ya riwaya hii ni kuonyesha kwamba ukoloni haukuwaharibu waliotawala peke yao. Uliweka mlango mmoja wa kupandia, na aliyetaka kupanda ilimbidi ainame mpaka uti wa mgongo ukakaa hivyo. Bendera ziliteremshwa, Burma ilipata uhuru mwaka 1948 na Kenya mwaka 1963. Migongo mingine haikunyooka.

Turudi kwa wazazi walioturuzuku suala hili. Vitabu hivi visichomwe, wala visiachwe vikasomwa peke yake. Kijana akisoma Heart of Darkness, na asome hotuba ya Achebe. Na asome maisha ya Tippu Tip. Na asome taarifa ya Casement, ili ajue kwamba mikono ile ilikatwa kweli. Mahali penye uchafu wa kuamsha matamanio tu, usio na faida nyingine, apite, kama apitavyo njiani akainamisha macho. Mahali alipotukanwa mtu mweusi, asipite. Asimame aulize ni nani asemaye, na kwa nini yule aliyetajwa hakupewa nafasi ya kujibu. Na mzazi naye, badala ya kukagua jalada, aulize usiku wakati wa chakula: leo umesoma nini, na fisadi wa kitabu hicho alijiitaje? Asiyejua Kiingereza aweza kuuliza hivyo kama ajuaye.

Insha Allah darsa lijalo, siku na saa ile ile baada ya sala ya Isha, tutaanza kusoma riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza yaitwa Paradise nayo ilitoka mwaka 1994, na kwa Kiswahili imefasiriwa kwa jina la Peponi. Ni habari ya mtoto Yusuf aliyechukuliwa na tajiri wa pwani kwa ajili ya deni la baba yake, akaenda na msafara mpaka bara wakati Wajerumani wanaingia. Humo bara imeonwa na jicho la mtu wa kwetu, na tajiri ni Muislamu mwenye kusali. Mwenye nakala na aje nayo, na wasio nayo watakaa na walio nayo. Mlango wa upande wa kina mama utakuwa wazi.